Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: mwongozo kamili wa kupona mambo yanapoharibika

Kosa linalogharimu maisha baada ya upasuaji huu hufanyika nyumbani. Mtu ameruhusiwa kutoka hospitali, siku ya tano au ya kumi anashikwa na homa na maumivu ya tumbo. Mtoto anatumwa duka la dawa, anarudi na dawa ya malaria, na jioni musawo (mhudumu wa afya) wa jirani anakuja kuchoma sindano ya diklofenaki. Homa inashuka kidogo, nyumba nzima inapumua. Kumbe mshono wa ndani unavuja, na siku mbili zilizopotea ndizo zilizokuwa za kumwokoa.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa na anayemuuguza. Unahusu slivu, yaani tumbo lililokatwa likabaki jembamba kama bomba, na baipasi, ambapo kifuko kidogo cha tumbo kimeunganishwa moja kwa moja na utumbo. Uwe ulipasuliwa Kampala, Nairobi au India, ukisharudi Arua, Kasese au Mbale hapa Uganda hatua ni zile zile. Maagizo ya daktari aliyekupasua yanatangulia yote yaliyoandikwa hapa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kipimajoto cha kidijitali, na saa au simu inayohesabu sekunde.
- Kikombe kidogo cha dawa cha mililita 30. Kama huna, bomba la sindano la mililita 20 bila ncha yake.
- Chupa safi ya lita moja na pakiti za ORS, yaani chumvi ya kurudisha maji mwilini.
- Parasetamoli ya maji, au vidonge vinavyosagika.
- Dawa ya kupunguza asidi uliyoandikiwa, kwa kawaida omeprazoli.
- Vitamini ulizoandikiwa, pamoja na thiamini, yaani vitamini B1.
- Blenda, au kinu na chujio laini.
- Glukometa, kama una kisukari au ulifanyiwa baipasi.
- Daftari moja lisilotumika kwa kitu kingine.
- Namba mbili za simu: ya daktari aliyekupasua, na ya hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe.

## Hatua ya 1: Andika kadi ya dharura

Siku utakayozidiwa, huenda ukapokelewa na mtu ambaye hajawahi kuhudumia mgonjwa wa slivu au baipasi. Atakuhudumia kama mgonjwa wa tumbo wa kawaida, na hapo hatari huanza. Kadi ndiyo inayomweleza hata kama wewe huwezi kusema.

Iandike kwa Kiingereza, kwa kuwa mafaili ya hospitali zetu yanaandikwa hivyo. Iwe na mambo haya:

1. Aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, na simu ya daktari.
2. Mapigo ya moyo yakifika 120, mshono uchukuliwe kuwa unavuja mpaka vipimo vikanushe.
3. Asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala asprini bila daktari mpasuaji kuulizwa.
4. Kama amekuwa akitapika, apewe thiamini kabla ya dripu ya glukosi.
5. Mpira wa puani usiingizwe kwa kubahatisha. Unaweza kutoboa mshono.
6. Magonjwa mengine na dawa anazotumia.

Piga picha kadi hiyo uitume kwa watu wawili wa familia. Ukifika kituoni, anza hivi: "Musawo, nimekatwa tumbo kwa ajili ya kupunguza uzito, ni wiki ya pili sasa, naomba usome kadi hii kwanza." Ukianza na "tumbo linauma", utapangwa kwenye foleni ya wanaoumwa tumbo.

## Hatua ya 2: Pima asubuhi na jioni kwa siku 30

Kaa umetulia dakika kumi. Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Pima joto. Andika mara ngapi umekojoa na mkojo ulikuwa na rangi gani.

Mapigo chini ya 100, joto chini ya nyuzi 38 na mkojo mweupe au wa manjano hafifu: unaenda vizuri.

Mapigo kati ya 100 na 120: kunywa taratibu kama ilivyoelezwa katika Hatua ya 4, pima tena baada ya nusu saa, na mpigie daktari hata kama yameshuka. Lakini kama yanaambatana na homa au maumivu, usinywe kitu. Nenda Hatua ya 3.

Mapigo 120 au zaidi ukiwa umekaa: nenda Hatua ya 3 sasa hivi.

Mapigo hutangulia kwa sababu mwili huongeza kasi ya moyo mapema sana uchafu unapomwagika ndani ya tumbo, mara nyingi kabla tumbo halijawa gumu. Kuna mtego mmoja. Anayetumia dawa za presha kama atenololi au propranololi, moyo wake hauwezi kukimbia sana. Kwake mapigo 95 yenye maumivu na jasho ni ishara tosha.

## Hatua ya 3: Homa, mapigo ya kasi au maumivu katika mwezi wa kwanza

Hatua hii isome mara mbili, na anayekuuguza aisome pia.

Dalili zinazotaka hospitali siku hiyo hiyo: mapigo 120 na kuendelea, homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami wakati hutumii vidonge vya chuma, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi.

Bega la kushoto huwashangaza wengi. Uchafu unaokusanyika chini ya kiwambo cha mapafu husumbua mshipa wa fahamu unaopeleka maumivu begani, kwa hiyo mtu anasugua bega kwa dawa ya kuchua huku tatizo liko tumboni. Mguu uliovimba, au pumzi iliyokatika ghafla, unaweza kuwa damu iliyoganda. Hili nalo linaua kwa haraka.

La kufanya, kwa mpangilio:

Kwanza, acha kula na kunywa. Kama kuna tundu, kila funda linapitia hapo.

Pili, mpigie daktari mpasuaji umtajie namba: siku ya ngapi tangu upasuaji, mapigo, joto, mara ya mwisho kukojoa. Kusema "najisikia vibaya" hakumsaidii.

Tatu, nenda hospitali yenye wapasuaji. Aliye Arua yuko zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala. Asipande basi la usiku akiwa na homa na mapigo 120. Aanzie hospitali ya rufaa ya mkoa, awekewe dripu, apewe antibiotiki ya mshipani na oksijeni kama inahitajika, kisha asafirishwe kwa ambulensi akiwa na barua ya rufaa. Bodaboda kwa mtu wa hali hii iwe ni pale tu ambapo hakuna gari kabisa.

Nne, omba skani ya CT ya tumbo yenye dawa ya kuonyesha mshono. Skani safi haimalizi mjadala kama mgonjwa bado anazidiwa. Daktari anaweza kulazimika kuchungulia kwa kamera.

Na malaria je? Pima, bila shaka. Lakini kipimo kikisema una malaria, hakijasema huna tatizo lingine. Katika nchi yetu mtu mzima anaweza kutembea na vimelea vichache damuni bila kuumwa. Malaria itibiwe, na tumbo lichunguzwe siku hiyo hiyo. Tena, Coartem hunyonywa vizuri ikiambatana na mafuta kidogo, kwa hiyo aliyeruhusiwa kunywa aimeze na maziwa. Anayetapika kila anachomeza anahitaji sindano ya artesuneti hospitalini. Kumrudishia vidonge ni kupoteza muda.

Kosa la kawaida: kunywa mululuza au dawa nyingine ya miti "kusafisha tumbo". Tumbo lenye mshono mbichi halisafishwi.

## Hatua ya 4: Rudisha maji mwilini bila kujitapisha

Upungufu wa maji huwarudisha wengi hospitalini baada ya upasuaji huu, na mara nyingi unazuilika.

Lengo ni lita moja na nusu kwa siku. Chukua kikombe cha mililita 30, kinywe kwa mafunda madogo ndani ya dakika 15, kisha kijaze tena. Vikombe vinne kwa saa ni mililita 120. Kwa saa 12 umefika mililita 1,440. Weka kengele ya simu, maana kiu haitakukumbusha vya kutosha.

Asubuhi jaza ile chupa ya lita moja. Ikifika saa nane mchana na bado imejaa zaidi ya nusu, umechelewa. Ongeza vikombe, usiongeze ukubwa wa mafunda. Tumbo jipya likijazwa kwa pupa hurudisha kila kitu.

Maji, supu iliyochujwa, chai nyepesi bila sukari na ORS vinafaa. Soma pakiti ya ORS, nyingi huchanganywa na lita moja kamili ya maji. Ukipunguza maji, chumvi inazidi. Acha soda, juisi ya miwa na obushera uliotiwa sukari.

Mkojo wa rangi ya chai kavu, kukojoa chini ya mara tatu kwa siku, au kizunguzungu ukisimama: ongeza bidii kwa saa nne. Bila mabadiliko, unahitaji dripu. Na huwezi kushika hata maji kwa saa 12? Usingoje kesho.

Waislamu: usifunge Ramadhani wakati unapona. Kukaa saa 13 bila maji hakuwezekani kwa tumbo linalopokea mililita 30, na mgonjwa ana ruhusa ya kulipa baadaye.

## Hatua ya 5: Kutapika kusikokoma

Tofautisha aina mbili. Kutapika mara moja baada ya kula haraka ni somo la ulaji, tutalifikia. Kutapika kila siku ni ugonjwa.

Kukianza kati ya wiki ya tatu na mwezi wa tatu, kwa mpangilio huu: kwanza nyama na posho haziteremki, kisha uji, mwishowe hata mate yanarudi kama povu, fikiria njia iliyobana kwenye kiungio. Dawa za kuzuia kutapika hazifungui njia. Kinachofungua ni endoskopia: daktari anapitisha kamera na kupanua palipobana kwa puto, pengine zaidi ya mara moja. Umefanikiwa ukiweza kunywa bila povu siku hiyo, na kula vyakula laini siku zinazofuata kwa ratiba ya daktari.

Hatari kubwa ni kukosa vitamini B1. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu, na anayetapika huimaliza upesi. Dalili ni macho kuona vitu viwili au kuchezacheza, kutembea kwa kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, ganzi miguuni. Familia husema karogwa, au anaringa. Wakati huo ubongo unaumia, na madhara yanaweza kubaki maisha yote.

Kwa hiyo ametapika siku mbili au tatu mfululizo, apate thiamini kwa sindano, na aipate kabla ya dripu ya glukosi. Glukosi huyatumia yale mabaki madogo ya B1 yaliyopo na kumtumbukiza kwenye hali hiyo. Dripu ya kuanzia iwe ya chumvi, au Ringer. Dalili za macho na kuyumba zikishaonekana, dozi ni kubwa zaidi na ni kazi ya hospitali. Vidonge vya B complex vya duka la dawa havitoshi.

## Hatua ya 6: Ukirudi nyumbani na mipira

Mshono uliovuja haufungwi kila mara kwa kupasua tena. Mara nyingi daktari huweka mpira wa kutoa uchafu, antibiotiki, pengine stenti (bomba la kufunika tundu) kupitia kooni, na mpira wa kulishia unaoingia kwenye utumbo. Kupona huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Wengi hukata tamaa hapa, na wengine hung'oa mpira wenyewe. Usiung'oe.

Mpira wa kutoa uchafu. Nawa mikono kwa sabuni. Mwaga mfuko ukifika nusu, kwa sababu mfuko mzito huvuta mshono wa ngozi. Pima mililita za saa 24, andika rangi na harufu. Bandika mpira kwenye ngozi kwa plasta mahali pa pili, chini ya tundu, ili ukinaswa na nguo usivute ndani.

Kiasi kikipungua siku hadi siku na rangi ikawa nyepesi huku huna homa, unapona. Kikisimama ghafla na homa ikaanza, mpira umeziba na uchafu unabaki ndani: hospitali siku hiyo. Rangi ya chakula, nyongo au damu mbichi, vivyo hivyo.

Mpira wa kulishia. Sukuma mililita 30 za maji safi ya uvuguvugu kabla na baada ya kila mlo, na kila saa nne hadi sita hata kama hakuna mlo. Mgonjwa akae ameinuliwa kichwa na kifua. Chakula kiende polepole kwa kasi uliyopewa. Utumbo hauna mfuko wa kuhifadhi, ukimiminiwa kwa mkupuo unaleta kuhara na mikakamao. Uji wa nyumbani usiochujwa vizuri ndio unaoziba mipira hii, basi mtaalamu wa lishe aseme nini kinapita. Dawa ziombwe za maji. Ukiziba, sukuma na kuvuta maji ya uvuguvugu taratibu; usitumie waya wala nguvu.

Vidonda vya nje. Sabuni, maji safi, kausha, basi. Hakuna majivu, mafuta ya taa wala unga wa kapsuli.

## Hatua ya 7: Rudisha chakula kwa ngazi

Baada ya tatizo lolote, rudi ngazi moja nyuma ya ulipokuwa, kisha panda tena. Ngazi za kawaida ni vimiminika kwa wiki mbili, vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, laini wiki ya tano na ya sita, kisha cha kawaida kidogo kidogo.

Protini ndiyo inayofunga vidonda. Lenga gramu 60 hadi 80 kwa siku. Kwa chakula chetu, gramu 60 zinapatikana hivi:

- Maziwa nusu lita, yamegawanywa siku nzima: gramu 16.
- Mayai mawili laini: gramu 12.
- Ngege au sangara aliyepikwa, gramu 60, bila miiba: gramu 15 hivi.
- Unga wa mukene (dagaa), vijiko vikubwa viwili, ndani ya uji au supu: gramu 10 hivi.
- Maharagwe yaliyopondwa na kuchujwa, nusu kikombe: gramu 7.

Mukene ni hazina kwa mgonjwa huyu: ni wa bei nafuu, umejaa kalsiamu, na hauhitaji kutafunwa ukisagwa. Uchague usio na mchanga, uukaange mkavu, uusage, uuchekeche. Maziwa yakikuletea gesi na kuhara, jaribu bongo (maziwa mgando) isiyo na sukari.

Posho, chapati, mkate laini na wali hunasa na kuvimba kwenye njia nyembamba. Viache mpaka mwezi wa tatu au daktari aseme. Matoke yaliyopondwa yanateremka vizuri, lakini karibu yote ni wanga. Yakijaza nafasi yote, vidonda havifungi. Kula protini kwanza, matoke yabaki ya mwisho.

Kila mlo uwe robo hadi nusu kikombe, dakika 20 hadi 30, tafuna mpaka kiwe uji mdomoni. Usinywe nusu saa kabla na nusu saa baada. Shangazi akisema "kula, umekonda sana", mwonyeshe kikombe cha kipimo. Huo ndio mlo kamili.

## Hatua ya 8: Maumivu na dawa nyingine

Parasetamoli gramu moja, si zaidi ya mara nne kwa saa 24, au pungufu ukiwa na ini bovu. Diklofenaki, ibuprofeni na asprini huchimba vidonda kwenye kiungio, hasa cha baipasi. Katika duka la dawa uliza jina la kila kidonge kabla ya kumeza, kwani dawa nyingi za mafua na mgongo zimechanganywa nazo. Sigara huchimba vidonda vile vile. Waragi na malwa viache; baada ya upasuaji pombe hupanda kichwani haraka na kwa nguvu.

Maumivu ya moto chini ya kifua, yanayozidi baada ya kula, yanataka endoskopia na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo.

Dawa za kisukari na presha lazima zipunguzwe kadiri unavyokonda. Anayeendelea na dozi ya zamani ya glibenklamidi au insulini huanguka. Anayetumia TLD, dawa ya VVU, asiache hata siku moja. Aimeze saa mbili kabla ya vidonge vya chuma au kalsiamu, au saa sita baada, maana vikikutana hunyonywa kidogo. Aombe kipimo cha wingi wa virusi mapema. Usisage kidonge chochote kilichotengenezwa kuyeyuka polepole bila kumuuliza mfamasia.

## Hatua ya 9: Jasho, kutetemeka na kuharisha baada ya kula

Dakika 10 hadi 30 baada ya kitu kitamu, moyo unakimbia, tumbo linanguruma, unaharisha: sukari imeporomoka yote kwa pamoja kwenye utumbo. Lala dakika 30, ipite. Acha kabalagala, soda na chai ya sukari.

Ikija saa moja hadi tatu baada ya kula, pamoja na njaa na kutetemeka, pima sukari. Chini ya 3.9 mmol/L, kunywa vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, kisha yai au maziwa. Usiendeshe chombo. Ikijirudia, daktari aambiwe.

## Hatua ya 10: Maumivu yanayokuja miezi baadaye

Wengi huamini kwamba wakipita mwezi wa tatu wamevuka. Aliyefanyiwa baipasi anaweza kupata utumbo ulionaswa ndani hata baada ya miaka: maumivu ya kukamata na kuachia katikati ya tumbo, mara nyingi baada ya kula, yakienda hadi mgongoni. Skani inaweza kuonekana safi. Maumivu yasiyoisha yanahitaji daktari mpasuaji siku hiyo. Utumbo uliosokoteka hufa ndani ya saa chache.

Maumivu chini ya mbavu za kulia baada ya chakula cha mafuta, aghalabu ni mawe ya nyongo, ambayo hutengenezwa na kukonda kwa kasi. Ultrasaundi inayaona.

## Hatua ya 11: Vitamini na vipimo

Multivitamini kila siku. B12 sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, au vidonge vya kila siku. Chuma halisi miligramu 45 hadi 60 kwa wanawake wanaopata hedhi na waliofanyiwa baipasi. Kidonge cha feri salfeti cha miligramu 200 kinabeba takriban 65. Kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, zigawanywe mara tatu, bora iwe ya sitreti kwa sababu haihitaji asidi nyingi. Tenganisha chuma na kalsiamu kwa saa mbili, na chuma kisimezwe na chai.

Vipimo mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka: wingi wa damu, feritini, B12, folati, vitamini D, kalsiamu, albumini, figo na ini. Nywele kupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokea kwa wengi, na huota tena protini na chuma vikitosha.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya baipasi, kwa hiyo chagua kipandikizi au kitanzi. Ukipata mimba kabla ya hapo, nenda kliniki wiki hiyo hiyo na ile kadi ya Hatua ya 1, vitamini zipangwe upya. Na ukitapika kupita kiasi, kanuni ya thiamini kabla ya glukosi ni ile ile.